Uzi wa Nane wa Mzee Maroa

Ukitoka Migori mjini kwenda Isebania, kabla hujafika mpakani, kuna njia ya udongo mwekundu inayokata kushoto na kupanda kilima. Nyumba ya Maroa Ryoba ndiyo ya tatu, ile yenye paa lililopakwa rangi ya buluu nusu. Rangi iliisha paa likiwa bado, na Maroa akasema nyumba si bibi harusi hata ijipambe pande zote. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena.

Tuseme mapema: Maroa ni mtu mgumu. Ana miaka sabini na moja, mkewe alishafariki, na majirani hawamtaji kwa jina tupu, husema "yule Maroa." Si mlevi, si mwizi, na hajawahi kutia mguu kwenye mpaka wa shamba la mtu. Ila akishasema jambo liko hivi, liko hivyo, hata umletee mashahidi kumi na chifu juu yao. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema watu, na walianza kusema hivyo zamani, kabla hawajajua habari za sikio lake zingeishia wapi.

Kilichompa jina ni iritungu. Asiyewahi kuliona alifikirie hivi: beseni kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti imesimama juu yake, na mti wa tatu umelazwa juu ya mikono hiyo. Nyuzi nane zinatoka kwenye mti huo wa juu zikishuka hadi kwenye ngozi. Kila uzi umezungushiwa kitambaa pale juu, na ukikipinda kitambaa, uzi unakaza. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni mshipi wa nailoni, na Maroa alikuwa akiufuata mpaka Homa Bay, dukani kwa Mulki anayeuza nyavu na ndoana. Alikuwa akiunyoosha mshipi kando ya sikio na kuudonoa kwa kidole kabla ya kuununua. Mulki alimwacha adonoe, akaendelea kuhudumia wavuvi.

Sasa kuhusu uzi wa nane, kwa sababu hadithi yote iko hapo.

Mwanamume na mtoto wakiimba wimbo mmoja, sauti ni ileile, ila ya mtoto imekaa juu ya nyingine. Waliosoma muziki huuita umbali huo oktavu, na kinanda cha kanisani kimeukata sawasawa bila kubakisha wala kuzidisha. Uzi wa kwanza na uzi wa nane wa iritungu ni mtu na mtoto wake namna hiyo. Lakini Ryoba, baba yake Maroa, hakuukata umbali huo kama kinanda. Aliuvuta uzi wa nane mpaka ukamfikia mwenzake, kisha akauvuta tena, kidogo tu, ukapita. Wa saba na wa sita nao aliwapitisha, kila mmoja kwa kiasi chake, pungufu ya wa nane. "Ukifunga sawasawa, sauti inalala," alikuwa akisema. "Ipitishe kizingiti iamke." Na iliamka kweli. Uzi wa kwanza na wa nane zikipigwa pamoja, kati yake kulikuwa na mtetemo wa kuchezacheza, na watu wa ng'ambo ya mto waliusikia wakajua Ryoba yuko arusini. Ukipitisha mno, zinakuwa kelele. Ufundi wote ulikuwa kwenye kile kidogo.

Na hicho kidogo hakikuwa na kipimo. Ryoba hakufundisha kwa maelezo. Maroa aliufunga uzi, baba yake akasikiliza huku anatazama ng'ombe wake, akasema "Haujafika," au "Umepita mno." Miaka miwili ikaenda hivyo. Siku moja ya mwaka wa sabini na nne mzee akasema "Umefika," akainuka akaenda kunywesha ng'ombe. Hapakuwa na kuku wa kuchinjwa. Katika nyumba ile neno hilo moja ndilo lilikuwa cheti: aliyepewa aliruhusiwa kupiga mbele za watu, na ambaye hajapewa alibeba kigoda cha aliyepewa. Maroa alijificha nyuma ya ghala la mahindi akalia, na hiyo ndiyo mara pekee ambayo yeye mwenyewe amewahi kukiri kwamba alilia.

Ryoba alifariki mwaka wa themanini na nane. Mwaka uliofuata Maroa alikwenda kwenye dhahabu. Alikuwa na watoto wanne na mke mgonjwa, na arusi hazifanyiki kila wiki. Huko upande wa machimbo alipata kazi ya kulisha krasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kuwa unga. Asiyewahi kusimama karibu na krasha hawezi kuelezwa. Mawe na vyuma vinagongana ndani ya pipa la chuma tangu asubuhi hadi jua linapopinda, na wafanyakazi wanasemezana kwa mikono. Maroa alijaza pamba masikioni siku alizokumbuka. Alikaa pale miaka ishirini na mitatu.

Alipokuwa na nafasi alipiga bado, na akaanza kuona kwamba uzi wa nane umekuwa mvivu. Alilaumu nailoni. Akabadilisha ngozi mara mbili, akalaumu mvua, akalaumu wanaotengeneza mshipi kwamba siku hizi hawatii moyo. Kila mara aliuvuta mpaka ukafika palepale alipopazoea, akaridhika.

Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja, Byron. Jina hilo alilichagua mama yake kwenye redio, na Maroa alilikubali kwa kuwa siku hiyo alikuwa na furaha. Wale mabinti watatu waliolewa wakaenda. Byron alibaki, na tangu mdogo alikuwa akipiga mluzi wa nyuzi zote nane kwa mpango wake akichunga mbuzi. Alipofika miaka kumi na saba alijitengenezea iritungu dogo, akaja kwa baba yake aanze mafunzo. Hakuwa ametamani kitu kingine chochote maishani.

"Haujafika," Maroa alimwambia siku ya kwanza. (Baba na mwana husemezana Kikuria, hapa tunayaleta kwa Kiswahili.) "Haujafika," siku ya pili. Mwaka mzima ukapita. Majirani walimwambia mzee kijana anajitahidi, umlegezee kidogo, naye akawajibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Hakuwa anamwonea, na hili lisemwe kwa haki. Alipousikiliza uzi wa Byron aliusikia umelala, kabisa, na iliuma kumwambia hivyo kila jioni mtoto anayejitahidi hivyo. Lakini kusema "umefika" kwa uzi usiofika ilikuwa kumdanganya Ryoba kaburini.

Kisha siku moja mwaka wa elfu mbili na nne Byron akaja na redio kaseti, akaiweka juu ya kigoda.

"Nataka usikilize kitu, baba."

"Hicho nini?"

"Babu yuko humu. Bibi alikuwa na kanda yake. Nimekuwa nikijifunza nayo. Sikiliza uzi wake, halafu usikilize wangu."

Maroa hakuisikiliza. Mtoto aliyeshindwa kufunga uzi kwa mwaka mzima sasa anamletea mashine imfundishe baba yake mwenyewe alikuwa nani. "Piga kwanza wewe," akamwambia. Byron akabonyeza kitu kwenye redio, akapiga uzi wa kwanza na wa nane. Maroa akasema haujafika. Byron akapiga tena, pole pole, akimtazama usoni, na Maroa akasema lile lile. Mara ya tano alisema, "Huna sikio. Krasha haitaki sikio." Jumatatu yake alimpeleka machimbo akamkabidhi kwa msimamizi. Lile iritungu dogo lilitundikwa jikoni, panya wakala ngozi, na mifupa yake ikawa kuni.

Hiyo ni miaka ishirini sasa. Maroa aliacha krasha mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Byron yuko huko mpaka leo, na yeye hana hata pamba. Alioa Truphena, binti wa watu wa Kisegi, wakajenga upande wa pili wa boma. Wanaishi vizuri na mzee. Hakuna ugomvi, hakuna aliyewahi kulitaja lile jambo, na nyimbo za Maroa zilibaki na Maroa.

Mwaka jana akaja Roselyn. Ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya sekondari huko Homa Bay, mama wa miaka arobaini na kitu, anayetembea na daftari lenye jalada gumu na simu yenye programu ya kupimia sauti. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Kuria kuna mzee anayefunga iritungu kwa njia ambayo hakuna mwingine. Maroa alimtazama juu mpaka chini, akamletea kigoda. Tangu mkewe afe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kuhusu nyuzi.

Roselyn alirudi Jumamosi tano. Alimwelezea kwamba simu yake hukata umbali kati ya vitufe viwili vya kinanda vinavyofuatana kuwa vipande mia, na kila kipande kinaitwa senti.

"Sasa mnauza sauti," Maroa alisema.

"Ni kipimo tu, mzee. Lakini nikuambie kitu. Hata wale wanaofunga piano wanafanya kama wewe. Mwanzo na mwisho wa piano huwa wanavuta kidogo, inapita oktavu. Waya ikiwa nene, ile sauti iko ndani yake huwa inapanda, so lazima uifuate. Ukiikata sawasawa, masikio inasema imelala."

"Imelala," Maroa alirudia, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata hao walikuwa na baba."

Aliufunga uzi wa nane mbele yake mara nyingi, na kila mara Roselyn alitazama simu akaandika. Mara kwa mara ilikuwa senti sitini na moja juu ya oktavu. Mara moja sitini na tatu. Alishangaa, kwa sababu piano haipiti hata nusu ya hapo, lakini aliandika bila kubisha. Alikuwa amekuja kujifunza, si kusahihisha. Maroa alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu sabini na nne. Aliwaza kwamba Ryoba sasa yuko kwenye karatasi, na karatasi haiendi machimbo.

Mwezi wa saba Roselyn alimpeleka Homa Bay kwa wanafunzi wake. Wasichana ishirini waliketi chini kwenye ukumbi wa kulia chakula, na mmoja wao, aliyehamia kutoka Asumbi, alikuwa na sauti ambayo hata Maroa aliinua kichwa. Alipiga, wakaimba. Hawakuweza. Wakishika uzi wa kwanza, wa nane unawakatalia. Wakifuata wa nane, wa kwanza unawaangusha. Yule wa Asumbi alijaribu mara tatu, akafunga mdomo. Wote wakapiga makofi kwa adabu, ile adabu ya watoto waliolelewa vizuri, na Maroa aliiona kwenye nyuso zao.

"Wamezoea kinanda," akamwambia Roselyn.

"Labda," alisema Roselyn. Kisha akauliza: "Mzee, hakuna mahali sauti ya baba yako imebaki? Kanda? Chochote?"

"Hakuna," alisema Maroa. Na aliamini hivyo, kwa sababu ile redio ya Byron alikuwa ameifuta akilini siku ileile.

Ila Jumamosi iliyofuata Roselyn aliuliza tena, nyumbani, na Truphena alikuwa amekuja na chai. Mkaza mwana hampi baba mkwe kitu mkononi katika boma lile, wala hasimami naye karibu. Aliweka birika chini, akarudi kwake, na baada ya muda, Maroa alipoingia ndani, akaja na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha leso, akakiweka mbele ya Roselyn.

"Hii ni ya baba watoto," alisema. "Iko kwa sanduku tangu anioe. Aliniambia nisitupe, na nisimuulize."

"Ero kamano, nyamera," Roselyn alimshukuru kwa Kijaluo. Ilikuwa kanda, karatasi yake imefutika maandishi yote.

Redio ya kaseti siku hizi nani anayo? Roselyn alizunguka Migori mjini nzima mpaka akampata Yakub, fundi wa vyombo vya umeme nyuma ya stendi, aliyekuwa na redio moja ya zamani chini ya meza. Yakub aliibadilishia mkanda wa mpira, akasafisha kichwa chake cha kusomea kanda kwa spiriti, na Jumapili Roselyn akapanda nayo kilimani.

Byron alikuwa nyumbani, kwa kuwa Jumapili krasha hulala. Alikuwa kwenye zizi, hatua kumi na tano hivi kutoka walipoketi, amewapa mgongo, anapigilia misumari kwenye nguzo mpya. Roselyn hakumweleza Maroa chochote. Aliiweka redio karibu na sikio la mzee la kulia, ambalo ndilo afadhali, akafungua sauti hadi mwisho.

Kelele za watu, kwanza. Arusi. Halafu iritungu.

Maroa alisikiliza huku anatazama ng'ombe wa jirani chini bondeni. Baada ya muda akatikisa kichwa.

"Haijafika," akasema kwa Kiswahili, ili mwalimu aelewe. "Huyo nani? Hiyo ya nane imelala kabisa. Mkono wake ni mzuri, lakini sikio hana."

Nyuzi zikanyamaza kwenye kanda, na mtu mmoja mwenye sauti nene akacheka, akamtukana mtu fulani kwa upendo kwamba anacheza kama ndama aliyekanyaga moto, akaomba maji.

Maroa aliijua sauti hiyo kabla haijamaliza kuomba maji. Alikuwa ametumwa maji na sauti hiyo, amepigwa na sauti hiyo, ameizika. Aliweka mkono juu ya redio kama anayeizuia isiondoke.

"Rudisha," alisema.

Roselyn akarudisha. Mara ya pili Maroa alifumba macho, akajitahidi kuusikia uzi wa nane wa baba yake umefika. Ulikuwa umelala. Mara ya tatu ulikuwa umelala vilevile. Alijua kwamba duniani hapajatokea mtu aliyeufunga uzi huo vizuri kuliko Ryoba, na alijua anachosikia, na vitu hivyo viwili havikuweza kukaa pamoja kifuani mwake. Kimojawapo kilipaswa kutoka.

"Yeye ni ngapi?" akauliza. "Hizo senti zako."

"Kumi na nane, mzee. Nimeipima kwa fundi."

"Na mimi?"

Alikuwa anajua. Lakini Roselyn alimjibu, kwa sababu mzee ameuliza. "Sitini na moja. Siyo makosa yako. Ile krasha, nafikiri. Sikio ikiumia, inaweza kusikia sauti ya juu kama imeshuka, na mtu anavuta ndiyo arudi pale alizoea. Haikufanyika siku moja. Hungejua."

Roselyn angeweza kuizima hapo, na baadaye alijuta kwamba hakufanya hivyo. Lakini kanda ilikuwa imefika mwisho wa upande wake, na yeye, kwa mazoea tu ya mtu aliyekua na kaseti, akaigeuza.

Upande wa pili hapakuwa na arusi. Palikuwa na kuku, kwa mbali, na pumzi ya mtu karibu sana. Uzi wa kwanza ukapigwa, ukafuatwa na wa nane, zikatetemeka pamoja vizuri mpaka Roselyn akaiokota simu yake ya kupimia. Kisha sauti ya mwanamume mwenye nguvu zake: "Haujafika."

Nyuzi zikapigwa tena, pole pole zaidi. "Haujafika."

Maroa aliisikia hiyo kuliko alivyosikia chochote siku ile. Ilikuwa sauti nene, sauti ambayo masikio yake bado yanaimudu, na ilikuwa yake. Alijihesabu mwenyewe akisema hivyo mara tano. Alijisikia akisema krasha haitaki sikio. Halafu pakasikika kitu kikibonyezwa, na baada ya hapo kanda ilizunguka tupu.

"Huyu kijana ni kumi na nane," Roselyn alisema. "Mara moja kumi na tisa. Mzee, huyu alikuwa amefika."

Watu husema majuto ni mjukuu, huja kwa babu akiwa ameketi. Haya hayakuja polepole kama mjukuu. Maroa alimtazama mwanawe pale zizini, mgongo mpana, shati lenye jasho, nyundo inapanda na kushuka. Uzi alioupiga akiwa na miaka kumi na minane ulikuwa umelia hatua kumi na tano nyuma yake, redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na hakuwa amegeuka. Hawezi kugeuka. Miaka sita sasa Byron anasoma midomo, na akilala anasema kuna nyenje ndani ya kichwa wasionyamaza.

"Byron," Maroa aliita. Alijua ni bure. Alikuwa tu na haja ya kuliita jina.

Katika boma lile, ukimtaka Byron unaokota kijiwe unakitupa karibu na mguu wake. Hata watoto hufanya hivyo, bila ubaya. Maroa aliinama akatafuta kijiwe kidogo kuliko vyote, akakitupa.

Byron alikuja akipangusa mikono. Aliiona redio, akaona kanda, akasimama. Truphena alikuwa mlangoni mwa jiko lake na ungo mkononi. Byron alichuchumaa, akaweka kiganja chote juu ya spika, na Roselyn akairudisha arusi. Alikaa hivyo akiisikiliza kwa mkono.

"Babu," akasema. Hakuuliza.

Maroa alilivuta iritungu lake, lile kubwa, akalisukuma mbele ya mwanawe. Alimgusa goti ili amtazame mdomo. "Ufunge wa nane," akasema, kila neno peke yake. "Ufunge kama siku ile."

Byron aliangalia chombo, kisha baba yake, kisha Roselyn na simu yake. Ilionekana kama ataondoka. Lakini alivuta kigoda akaketi, na magoti yake yalijua pa kwenda. Alikilegeza kitambaa cha uzi wa nane mpaka uzi ukaning'inia, akaanza upya. Alipinda, akadonoa. Akainama akabana taya lake kwenye mkono wa mti, ausikie kwa mfupa, akadonoa tena, akapinda, macho amefumba. Vidole vyake vina sugu za miaka ishirini, na viwili kati yake havikunjiki vizuri, lakini vilikuwa vinatafuta. Alichukua muda mrefu. Mwishowe alipiga wa kwanza na wa nane pamoja, akainua uso akamtazama baba yake, kama zamani.

Roselyn alikuwa ameshika simu mapajani. Aliitazama. Kisha akaigeuza kifudifudi, akaweka kiganja juu yake.

Maroa alimwona akifanya hivyo. Kwa sikio lake mwenyewe uzi ulikuwa umelala, lakini sikio hilo lilikuwa limesema hivyohivyo juu ya Ryoba nusu saa iliyopita, na hakuwa na lingine. Hapakuwa na mtu pale wa kuusikia kama unavyopaswa kusikiwa. Kwenye daftari la mwalimu palikuwa na namba kumi na nane. Namba hiyo haikusema lolote kuhusu wa sita na wa saba, ambao kwenye kanda walikuwa wamefunikwa na vigelegele.

"Umefika," akasema.

Byron aliutazama mdomo wake. Alikuwa amejiandaa kwa neno jingine, na hili hakulijua umbo lake kwenye mdomo wa baba yake.

"Umesemaje?"

"Umefika," Maroa alisema kwa nguvu, na hilo nalo halikutosha. Basi akapiga kelele, mzee wa miaka sabini, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpaka watu wa nyumba ya pili wakatoka nje kuona nani amekufa. "Umefika!"

Byron aliweka kiganja juu ya nyuzi zote nane, zikatulia.

"Leo," akauliza, "au siku ile?"

Maroa alitazama bondeni, lakini ng'ombe wa jirani walikuwa wameshahamishwa, hapakuwa na cha kutazama.

"Siku ile," akasema.

Byron alilisoma hilo mara moja. Alimrudishia baba yake iritungu kwa mikono miwili, kwa heshima, akaokota nyundo.

"Siku ile nilikuwa nasikia," akasema, na akarudi zizini.